La Sivyo Namwita Kiliwazo

Kiliwazo alikuwa na mikono sita, na hakuna hata mmoja uliomfanya mtoto ashtuke. Miwili ya chini, iliyojazwa pamba na kupashwa joto la mwili wa mtu, ilimpakata. Miwili ya kati ilimpulizia begani ukungu-ganzi, mvuke mwembamba wenye harufu ya ndizi mbivu, unaoilaza ngozi usingizi huku mwenye ngozi yuko macho. Wa tano ulishika pazia la picha, na kwenye pazia hilo kiboko aliyevaa kofia alikuwa akipanda baiskeli na kuanguka, akipanda na kuanguka. Wa sita ndio ulioficha kazi yenyewe, yaani sindano-unywele, ambayo iliingia na kutoka kabla kiboko hajamaliza kuanguka.

Mtoto aliyefikiwa na zamu asubuhi hiyo, kijana mmoja mnene wa mashavu, alicheka mpaka mate yakamtoka. Aliposhushwa akauliza sindano iko wapi. Akaambiwa tayari. Akagoma kushuka, akisema kiboko bado hajajua kuendesha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika Kituo cha Chanjo cha Mikaratusi, jijini Mbeya, miaka hiyo ambayo jiji lilikuwa limeshapanda milima pande zote, magari ya waya yakielea juu ya mabonde na nyumba zikipashwa moto kwa mvuke uliovutwa kutoka chini ya ardhi kule mlima Ngozi. Zamani ukumbi wa chanjo uliusikia kabla hujauona. Watoto walilia, mama zao wakaona haya, manesi wakafoka. Sasa ulikuwa kimya, na wazazi walikaa nyuma ya ukuta wa kioo wakinywa chai na kuzungumza habari za watu, kana kwamba wamekuja kusubiri nguo kwa fundi.

Nyuma ya kioo hicho hicho alisimama Injinia Subilaga, mama mrefu mwenye mazoea ya kutafuna ncha ya kalamu. Kiliwazo alikuwa kazi ya mikono yake na ya kichwa chake, na alipomtazama akifanya kazi alijisikia raha ambayo hakuona sababu ya kuificha. Alipokuwa mdogo alichanjwa akiwa ameshikwa na watu wazima wanne kama mbuzi wa sikukuu, mmoja kila kiungo, na hakusahau. Ndiyo maana alipomtengeneza Kiliwazo alimwekea kifuani kisomahofu, kifaa kinachosikiliza mapigo ya moyo, jasho la viganja na upana wa mboni za macho, kisha kinaonyesha hofu ya aliyekaa mbele yake kwa taa moja: kijani, njano au nyekundu. Taa ikiwa nyekundu, sindano inajifunga. Na ikijifunga hakuna mtu wa kuifungua, si nesi, si mkuu wa kituo, wala Subilaga mwenyewe. Alibishana sana na wakubwa kwa ajili ya kufuli hilo, akashinda, na baadaye jiji likaliandika katika sheria zake ndogo kwamba hachomwi mtu kwa nguvu.

Basi siku hiyo aliyefuata mstarini alikuwa Bupe, binti yake mwenyewe.

Bupe alikuwa na miaka sita, mwenye maneno mengi nyumbani na machache mbele za watu. Chanjo aliyoletewa ilikuwa mpya, ya homa ya ukungu. Mbu waliokuwa wakiishi bondeni tu walikuwa wamejifunza kuvumilia baridi, wakaanza kupanda na mvua hadi milimani, na homa yao ilipenda watoto. Mwaka uliotangulia ilimchukua Gwakisa, mtoto wa jirani, aliyekuwa akicheza na Bupe kila jioni. Mvua za mwaka huu zilikuwa karibu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya mlima Loleza asubuhi na kukataa kuondoka mpaka mchana. Subilaga alikuwa hana wasiwasi wowote. Mtu aliyewatuliza watoto wa jiji zima atashindwaje na wa kwake?

Bupe aliingia ameshika kidole cha mama yake. Kiliwazo akainamisha kichwa chake cha mviringo, akasema kwa ile sauti yake ya maziwa ya uvuguvugu, "Karibu, Bupe. Mimi naitwa Kiliwazo."

Taa haikupitia hata njano. Iliruka kutoka kijani hadi nyekundu. Bupe hakupiga kelele. Alisimama wima kama mtu aliyesomewa hukumu, na suruali yake ikaanza kulowa taratibu mpaka kwenye soksi.

"Samahani, Injinia," Kiliwazo akasema. "Hofu ya mtoto huyu imezidi. Sindano nimeifunga."

Nyuma ya kioo mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma Subilaga zaidi, maana wangecheka angepata wa kumkasirikia. Alimfunika mwanawe kwa koti lake, wakatoka.

Nesi Ambwene, mkubwa wa ukumbi, aliwafuata hadi mlangoni. Alikuwa mzee wa kazi, mtu mwema asiyependa mambo yachelewe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kabatini bado kuna sindano za mkono za enzi zile. Injinia amshike miguu, yeye atamshika mabega, dakika moja na imekwisha, na sheria ndogo za jiji hazina macho. Subilaga alimtazama mwanawe, aliyekuwa akiangalia viatu vyake vilivyolowa, akakumbuka wale watu wazima wanne. Kisha akakumbuka kijeneza cha Gwakisa, na jinsi kilivyobebwa na mtu mmoja tu. Mwishowe akasema hapana, ampe muda kidogo. Ambwene akasema yeye muda anao, lakini mawingu yale hayana.

Kuanzia hapo injinia akawa injinia. Kama taa ni nyekundu, basi kuna kitu ndani ya mashine kinachoiwasha, na kitu hicho kina skrubu. Alimbadilisha Kiliwazo rangi, kutoka nyeupe hadi rangi ya chungwa aliyoipenda Bupe. Akamrudisha mtoto. Nyekundu. Akamvika kitenge kiunoni na kilemba kichwani, akafanana na shangazi wa harusini. Nyekundu. Akatoa ile sauti ya maziwa na kumwekea sauti yake mwenyewe, sauti ya mama, akijisifu kimoyomoyo kwa wazo hilo. Safari hii Bupe alimtazama mama yake, akaitazama mashine inayosema kwa mdomo wa mama yake, akakimbilia chini ya meza na kukataa kutoka. Ilibidi wamrudishie Kiliwazo sauti ya zamani mbele yake ndipo akubali kurudi nyumbani.

Katika kupekuapekua huko, Subilaga aliona jambo lingine, nalo lilimnyima raha. Kisomahofu huweka kumbukumbu, si ya majina, bali ya hofu tu. Alipozipanga kumbukumbu hizo tangu Kiliwazo aanze kazi, mstari ulikuwa unapanda. Mwanzoni watoto walifika kituoni kijani kibichi, wakitaka kujua kile kidude ni nini. Sasa walifika njano, na kiboko na baiskeli yake ndio waliokuwa wakiwashusha hofu. Sindano ilikuwa ile ile, ganzi ile ile. Kadiri Kiliwazo alivyozidi kuwa maarufu ndivyo watoto walivyozidi kumwogopa, na mstari ukiendelea hivyo, ipo siku taa itakuwa nyekundu kwa kila mtoto wa Mbeya na kufuli lake litawazuia wote. Subilaga alitafuna kalamu mpaka wino ukamwingia mdomoni.

Jibu alilipata jikoni kwake, kwenye bakuli la uji.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Lwitiko, baba yake Bupe, alikuwa Ngozi kwenye mtambo wa jotoardhi na angerudi jioni. Subilaga alikuwa sebuleni akifunga viatu. Jikoni alikuwamo Bupe pamoja na bibi yake, Tusekile, mama mzazi wa Subilaga, aliyekuja kuwasaidia kulea tangu Bupe azaliwe na ambaye hakupata kurudi kwake kwa sababu kila alipotaka kuondoka alikuta kuna kitu wanakifanya vibaya. Bibi Tusekile alikuwa amepika uji wa ulezi wenye maziwa na karanga. Bupe alikuwa amefika nusu, akaanza kuchora kwa kijiko.

"Bupe, maliza uji," bibi akasema, bila ukali wowote, akigeuza maharage jikoni. "La sivyo namwita Kiliwazo aje na sindano yake."

Kijiko kikaanza kwenda mbio. Subilaga alisimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Alimwona mwanawe akimeza uji bila kutafuna karanga, machozi yakidondokea bakulini, na bibi wa watu hata hakugeuka, maana kwake lile halikuwa neno. Lilikuwa kama chumvi, kitu unachokitia tu.

"Mama," Subilaga akasema, "umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia anywe uji."

Subilaga alianza kusema. Alisema mengi, na kwa haraka, na sauti yake ilipanda kuliko mtoto anavyopaswa kumpandishia mzazi wake. Kwamba ametumia miaka kumtengeneza rafiki wa watoto, na nyumbani kwake mwenyewe rafiki huyo anageuzwa zimwi la kumalizia uji. Bibi Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika sufuria, akafuta mikono, akamkumbusha kwamba yeye naye alilelewa hivyo hivyo. Alikuwa akitishiwa nesi, akala, akakua, akaenda shule, akawa injinia, sasa ubaya uko wapi? Na tena, akauliza, Jumapili ile mtoto alipong'ang'ania kwenye gari la waya na kukataa kushuka, nani alimwambia kwamba shauri yake, atapelekwa kazini kwa Kiliwazo?

Subilaga alijua jibu. Ni yeye. Walikuwa wamechelewa kanisani, watu nyuma wanasubiri, na neno lilimtoka kama linavyomtoka kila mtu. Halikumgharimu chochote na lilifanya kazi papo hapo. Sasa alipofikiri, alikuwa amelisikia kila mahali. Kwa muuza parachichi pale kituoni. Kwa jirani wa ghorofa ya juu, baba wa mapacha, akilisema kila jioni ya kuoga. Hata wazazi wale wa nyuma ya kioo, wanaomshukuru kwa mikono miwili, walikuwa wakiondoka pale na jina la mashine mfukoni, tayari kwa matumizi. Watu wa Mbeya walimpokea Kiliwazo kwa furaha kubwa na kumpa kazi ya pili bila kumwambia mwenyewe.

Wakati wakubwa hao wawili wametazamana, Bupe alikuwa ameweka kijiko chini. Bakuli lilikuwa jeupe, limefutwa kabisa.

"Mama," akasema, "nimekosa nini?"

Subilaga hakumwelewa mara moja.

"Kiliwazo anawachoma watoto wabaya. Na mimi kila mara unanipeleka." Midomo ilikuwa ikimcheza, lakini alijikaza, akaendelea kujitetea kama mtu mzima aliye barazani kwa mwenyekiti. "Uji nakunywa. Vyombo nilimsaidia bibi. Kile kikombe kilichovunjika si mimi, ni paka."

Haki ya Mungu, Subilaga angepigwa kibao asingeumia vile. Kumbe safari zote zile, rangi ya chungwa, kilemba, sauti, mtoto alikuwa akipelekwa hukumuni tena na tena bila kuambiwa kosa lake, na mara ya mwisho hakimu alisema kwa sauti ya mama yake. Na Bupe alikuwa akijirekebisha peke yake, kimyakimya, akiosha vyombo, akisubiri siku kosa lake litakapokwisha.

Alichuchumaa mbele ya kiti chake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akamwambia hajakosa kitu. Sindano haiendi kwa wabaya. Inakwenda kwa kila mtu, kwa sababu homa nayo inakwenda kwa kila mtu, hata kwa wazuri, hata kwa Gwakisa, na Gwakisa alikuwa mtoto mzuri sana. Bupe alimsikiliza kwa ile adabu ya watoto wanaosikiliza maneno ya watu wazima huku wakingoja kuona.

"Haiumi?" akauliza.

Na hapo neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Haiumi hata kidogo, mpenzi. Ndilo neno aliloambiwa yeye na wale watu wanne, na ndilo alilomfundisha Kiliwazo kuwaambia watoto wote, kwa kuwa hesabu za ganzi zilionyesha kwamba kwa walio wengi ni kweli. Walio wengi. Alilimeza.

"Inauma," akasema. "Kidogo. Halafu inaisha." Kisha, kabla hajapata nafasi ya kujionea haya, akaongeza, "Mimi ndiye niliyekosa, Bupe. Nilikutisha kwa kitu cha kukusaidia. Nisamehe."

Bibi Tusekile aliguna. Tangu azaliwe hajaona mzazi akimwomba mtoto radhi, tena asubuhi, tena mbele ya maharage.

Bupe alilifikiria jambo hilo. Akauliza kama mama alichomwa. Subilaga akakunja mkono wa blauzi, akamwonyesha alama ndogo. Na baba? Baba alichomewa kule kule mtamboni pamoja na wenzake. Na bibi?

Bibi Tusekile aligeukia maharage kwa bidii mpya. Tangu chanjo itangazwe alikuwa na sababu, na sababu zake zilikuwa za kila aina. Mara mguu, mara mgeni atakuja, mara ameota vibaya. Subilaga alikuwa amezisikia zote na kudhani ni uvivu wa kutembea.

"Bibi kakosa nini?" Bupe akauliza.

"Hajakosa kitu," mama yake akamjibu.

"Basi aende na yeye."

Bibi wa watu alitafuta njia ya kutokea jikoni mle na hakuiona.

Siku zilizofuata Subilaga alifanya kazi nyingine na Kiliwazo, na safari hii hakugusa rangi. Kwanza alimfutia lile neno haiumi, lote, hata asiweze kulitamka kwa bahati mbaya. Kisha akafungua ile mikono miwili ya chini, ya pamba na joto, aliyojivunia kuliko yote, akaitoa na kuiweka kabatini. Mahali pake akaweka kiti kipana cha mbao chenye mto, kinachomtosha mtu mzima na mtoto juu ya mapaja yake. Mwisho akaomba ukuta wa kioo uondolewe. Ambwene alilalamika kwamba sasa wazazi watamjazia ukumbi na vikombe vyao vya chai. Subilaga akamjibu kwamba vikombe vibaki nje, wazazi waingie. Alikuwa amewapumzisha wazazi wale wasisumbuke na kitu, naye akahesabu hilo kuwa msaada. Sasa aliona kwamba aliwanyang'anya mtoto wao kwa zile dakika ambazo mtoto alimhitaji mtu wake.

Walishuka kwa gari la waya asubuhi yenye mawingu mazito, watatu, Bupe katikati. Bibi Tusekile alikuwa amevaa nguo za kanisani na hakusema neno njia nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ukumbini Subilaga alimwomba aanze yeye, ili mtoto aone. Bibi akaketi kwenye kiti kipana, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Karibu, bibi," Kiliwazo akasema. "Mimi naitwa Kiliwazo."

Taa ikawa nyekundu.

Subilaga alidhani kisomahofu kimeharibika. Akasogea, akatazama. Mapigo ya moyo, jasho, mboni, vyote vilisema kitu kimoja. Mama yake, mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko, alikuwa anaogopa sindano.

"Samahani, bibi," Kiliwazo akasema. "Hofu yako imezidi. Sindano nimeifunga."

"Si mmeona," bibi Tusekile akasema, akiinuka upesi. "Mashine yenyewe imekataa. Twendeni nyumbani."

Ndipo Subilaga alipoelewa sababu zote zile za mguu na mgeni na ndoto. Bibi hakuchagua sindano ovyo. Alipotaka kumtisha mjukuu wake alichukua kitu cha kutisha kuliko vyote anavyovijua, na hicho alikuwa nacho tangu utoto wake mwenyewe, alichopewa na mama yake kwenye bakuli lake la uji. Subilaga alitaka kumfuata, lakini akawahiwa.

Bupe alikuwa ameshika pindo la kitenge cha bibi. "Bibi, kaa," akasema.

Bibi akakaa. Bupe akampanda mapajani, akijigeuza mpaka wakatazamana uso kwa uso, akaushika mkono wake. Taa ya Kiliwazo ilikuwa ikiwaka nyekundu mgongoni kwake lakini hakuitazama.

"Bupe," bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya jikoni, "itauma?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza, watoto na wazazi waliosimama mstarini. Bupe alimtupia mama yake jicho, mara moja tu, kama anayetaka kuhakikisha bei haijabadilika.

"Itauma kidogo," akasema. "Halafu itaisha. Puliza, bibi. Puliza kama unanipozea uji."

Bibi Tusekile akapuliza. Wakapuliza wote wawili, mmoja akimpulizia mwenzake usoni, pua zikikaribia kugusana. Taa ikakaa nyekundu, ikakaa, kisha ikawa njano. Bupe akamwambia bado uji wa moto. Wakapuliza tena. Njano ikapauka, ikaingia kijani, na mkono wa sita ukafanya kazi yake.

"Yesu wangu," bibi akasema polepole. Akaukagua mkono wake, akaugeuza. "Ndiyo hiyo tu? Maisha yangu yote naikimbia hiyo?" Na machozi yakamtoka, si ya maumivu, akamkumbatia mjukuu wake mbele ya watu wote bila kujali nguo za kanisani.

Sasa ilikuwa zamu ya Bupe, na kila mtu alijua. Hakushuka mapajani. Kiliwazo akamwuliza anataka mkono gani. Akasema wa kushoto, wa kulia ni wa kuandikia. Taa ilikuwa njano iliyokolea, ikisitasita mpakani, na Subilaga aliyekuwa amesimama mkono mmoja mdomoni hakujua kama anaomba au anatafuna kucha.

"Itauma kidogo, Bupe," Kiliwazo akasema, kwa maneno yake mapya. "Ukiwa tayari, niambie."

Bupe akapuliza. Bibi naye akapuliza. "Tayari," akasema mtoto.

Sindano ikaingia na kutoka, na Bupe akalia.

Alilia hasa, kwa mdomo wazi, kilio kilichojaza ukumbi ule ambao haujasikia kilio tangu Kiliwazo aanze kazi. Ubao wa ukutani ulikuwa na namba ya kuhesabu vilio, sifuri siku zote, nayo sasa ilibadilika kwa mara ya kwanza. Ambwene alisikitika kidogo, maana kituo kilikuwa maarufu kwa namba ile. Subilaga aliitazama, akaikumbuka siku aliyoiweka, na jinsi alivyoamini kwamba mtoto asiyelia ni mtoto asiyeteseka. Akanyoosha mkono akaizima, kisha akaenda kumkumbatia mwanawe, na bibi akawa katikati. Kilio kilipungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Bupe akafuta kamasi kwa kitenge cha bibi. Akasema kweli imeuma kidogo, na kweli imeisha. Halafu akataka kuona kiboko.

Watoto waliokuwa mstarini walikuwa wameona yote. Subilaga alikielekeza kisomahofu kwao, mmoja mmoja, akitegemea taa itapanda. Haikupanda. Yule aliyefuata, msichana wa nywele za mabutu, alimvuta baba yake shati akamwuliza kama anajua kupuliza. Baba akakiri kwamba hajui vizuri. Msichana akamwambia atamfundisha.

Mvua ilifika wiki iliyofuata, na mbu wakapanda nayo, kama ilivyotarajiwa. Mapacha wa ghorofa ya juu walikuwa wameshachanjwa, na mtoto wa muuza parachichi pia. Hayo ya kuwatisha watoto hayakukoma kwa siku moja. Neno ambalo limekaa mdomoni mwa watu tangu enzi za mababu halitoki kwa amri ya injinia. Lakini Bupe alikuwa amejipa kazi. Akilisikia kwenye gari la waya au dukani, alimgeukia mwenye kulisema na kumfahamisha, kwa upole wote, kwamba Kiliwazo hatembei. Amefungwa sakafuni kwa skrubu. Hamfuati mtu, watu ndio wanaomwendea.

Na asubuhi moja ya mvua, dirisha limejaa ukungu wa mvuke, Bupe alikuwa mezani akichora kwa kijiko kwenye uji wake. Subilaga alikuwa akifunga viatu sebuleni. Alimsikia mama yake akiweka mwiko chini.

"Bupe, maliza uji," bibi Tusekile akasema. "La sivyo..."

Akanyamaza. Subilaga akaacha viatu. Jikoni kulikuwa na sauti ya maharage tu, na kimya cha mwanamke anayetafuta kitu mahali alipozoea kukikuta.

"La sivyo nini, bibi?" Bupe akauliza, akitaka kujua kweli.

Bibi alifikiri sana.

"La sivyo," akasema, "utapoa."